Hakuna Aliyemuuliza Maman Pell

Laken, Jumapili tarehe 6 Oktoba 2024

Mpendwa Nkambo,

Barua yako ilifika salama katika simu yangu. Jirani yako Jémima aliipiga picha vizuri, hakuna mstari uliokatika, mwambie nimemshukuru. Umesema nisikuandikie tu kwamba tuko wazima, bali nikuandikie ninayoyaona kwa macho yangu. Basi leo nina jambo la kukuandikia. Limenishangaza mpaka sijui nianzie wapi.

Kila Jumapili baada ya misa, akina mama wa kwaya wanakuja kwetu kutazama filamu ya Waingereza. Ni ya mfululizo, sehemu moja kila juma, na imetokana na kitabu cha mapenzi kilichoandikwa na mwanamke wa Kiingereza miaka mia mbili iliyopita. Televisheni ya Kifaransa huwapachika Waingereza sauti za watu wengine, lakini ile ya Kiflandri huwaachia sauti zao na kuandika maneno chini. Kwa kuwa Mama alinipeleka shule ya Kiflandri, mimi ndiye ninayesoma maneno ya chini na kuyasema kwa Kiswahili, kwa sauti, haraka, kabla hayajapotea. Mmoja wa akina mama hao, Maman Pétronille, ananiita kinywa cha Waingereza.

Hadithi yenyewe ni hii. Honora Pell ni mjane kijana. Mume wake amekufa, naye amebaki katika nyumba kubwa ya mama mkwe wake, mwanamke mzee wa nguo nyeusi. Waingereza wanamwita Lady Pell. Akina mama wetu wanamwita Maman Pell. Halafu anakuja nahodha wa meli za vita, Kapteni Wray, anapanga nyumba ya jirani. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mchawi, hakuna anayepiga kelele.

Leo Honora alipanda ngazi kukata zabibu ndani ya nyumba ya vioo, kama zile nyumba za vioo za mfalme wa Ubelgiji zilizo hapa kwetu Laken, na Kapteni akaishika ngazi isitikisike. Hawakusema neno. Honora anakata kishada, anakishusha. Kapteni anakipokea kwa mkono mmoja, mkono wa pili haujaachia ngazi. Vishada vikamjaa kifuani, hana pa kuviweka, na bado hakuachia. Nkambo, sikuwa na la kutafsiri! Chini hapakuandikwa kitu. Nikanyamaza, na chumba chote kikanyamaza, hata Maman Pétronille ambaye hunong'ona hata padri anapoinua hostia.

Mwishowe ni yeye aliyevunja kimya. "Ule kapitene eko bubu?"

"Umuache, maman," akasema Papa Anaclet. "Mutu iko na kazi. Anashika échelle."

Watu wote wakacheka, na Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sijamsikia akicheka hivyo tangu Papa, mtoto wako, alipofariki. Papa Anaclet ni dereva wa tramu, mtu wa Bukavu, na mke wake alikufa zamani. Siku ya kwanza alikuja kututengenezea televisheni iliyokuwa imeharibika.

Mwalimu wangu wa Kiingereza, Mevrouw Inès, ameniazima kitabu chenyewe. Nikaitafuta ngazi ile. Kitabuni ni mstari mmoja: Kapteni alimshikia ngazi. Mstari mmoja tu! Na watu wa televisheni wameufungua ukajaza sebule yetu yote. Sijui walionaje kwamba ndani yake mna kitu kikubwa hivyo.

Mjukuu wako akupendaye,
Hadassa Banza


Lubumbashi, tarehe 13 Oktoba 2024

Hadassa mjukuu wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana Jémima na mama yake walikuwa hapa wakinisaidia kuchambua mboga. Mboga zilisahauliwa. Umeandika vizuri. Kiswahili bora hakijafa Ulaya.

Sasa, maswali yetu. Huyo kapteni ni mtoto wa nani? Ndugu zake wako wapi? Mwanaume mwenye wazazi hashiki ngazi ya mke wa watu kabla hajatuma mtu mzima kuja kusema. Na huyo mama mkwe, wakati wa zabibu alikuwa wapi? Mama yake Jémima anasema alikuwa amelala. Mimi nasema alikuwa anaona.

Swali la mwisho si la filamu. Huyo Papa Anaclet wa Bukavu, anakuja pamoja na watu wengine au anakuja peke yake? Umesema televisheni ilikuwa imeharibika. Je, haijapona?

Msalimie mama yako. Mwambie chumba cha baba yako nimekipaka chokaa upya.

Nkambo yako,
Nday


Laken, Jumapili tarehe 3 Novemba 2024

Mpendwa Nkambo,

Televisheni imepona zamani, na Papa Anaclet bado anakuja. Anakuja na wengine, anaondoka na wengine, na anakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Nilipompa Mama salamu zako na habari ya chokaa, aliacha kukunja nguo. Akasema, "Maman anatungojea," kisha akaendelea kukunja.

Leo ilikuwa zamu ya Maman Pell. Kapteni alialikwa kula. Maman Pell akamweka Honora chini ya picha kubwa ya marehemu, ili Kapteni akimtazama mjane amwone na mume wake juu ya kichwa chake. Mbele yake Maman Pell ana kengele ndogo ya fedha ya kuwaita watumishi. Kapteni akianza kusema jambo la maana, kengele inalia, mtumishi anaingia na mchuzi. Anaanza tena, kengele inalia, mtumishi anaondoa mchuzi.

"Miye ile kengele ningeitupa ku dirisha!" akasema Maman Pétronille. "Kama mama mukwe ni wa vile, bon, ni muloji!"

"Hajasema kitu mubaya," akasema Mama polepole.

"Njo ile, Alphonsine! Angesema, tungemujibu!"

Nkambo, sijawahi kuona ubaya mtulivu kama ule. Hamwambii Honora asiolewe. Hamwambii lolote. Amemkalia tu, kama kifuniko juu ya sufuria. Mwigizaji wake ni mzee sana, na anafanya yote hayo kwa macho na vidole viwili. Kwa nini mtu amshike hivyo mke wa mtoto aliyekwisha kufa? Anapata faida gani? Nimekaa nikifikiri na sijapata jibu, ndiyo maana nakuuliza wewe.

Sehemu haikuwa imekwisha Mama alipoinuka akaenda jikoni. Papa Anaclet aliutazama mlango wa jikoni zaidi kuliko alivyoitazama televisheni. Natumaini Honora atafika mwisho mwema. Ningeweza kuuona kitabuni, lakini nimejizuia nisisome mbele.

Mjukuu wako,
Hadassa


Lubumbashi, tarehe 8 Novemba 2024

Hadassa,

Barua hii sikuwasomea watu.

Kama mama yako ana neno na mimi, kinywa anacho, na namba ya simu yangu anayo. Asilipitishe kwa mtoto, amelifunika nguo za Waingereza. Mimi kengele sina. Sijamkalia mtu kama kifuniko. Nilikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Akaenda huko kwenye baridi, akafa huko. Hapa tulitoa kilio, watu wakala, wakanywa, wakarudi makwao. Tangu siku hiyo nakaa na mdomo wangu umefungwa, na sikujua kwamba huko kwenu wananiita mlozi.

Lakini umeniuliza swali, na mimi nilikuwa mwalimu, sijawahi kuacha swali la mwanafunzi chini. Sikiliza. Ukoo wa marehemu usipomfungua mjane, mjane bado ni wao. Mwenye neno hilo ni mama wa marehemu. Sasa, mama mkwe akimwambia mjane, "Nenda, uolewe," watu watasema amemfukuza. Mjane mwenyewe atasema moyoni: kumbe alinipenda kwa ajili ya mwanawe tu. Kwa hiyo mama mkwe anangoja aulizwe. Na mjane naye haulizi, maana akiuliza ataonekana amemsahau marehemu. Basi wanakaa wawili, kila mmoja amenyamaza kwa heshima ya mwenzake, mpaka nywele zinakuwa nyeupe pande zote mbili.

Huyo Maman Pell mnayemtupia kengele dirishani, je, kuna aliyemuuliza?

Nday


Laken, Jumapili tarehe 24 Novemba 2024

Nkambo wangu,

Naandika nikiwa nimepiga magoti. Si maneno tu. Karatasi iko juu ya kitanda na magoti yangu yako sakafuni. Mama hajui lolote. Hakuniambia niandike hata neno moja, wala barua yako sijamwonyesha. Yote niliyaandika kwa sababu niliyaona katika filamu, na sikuelewa kwamba nilikuwa ninaandika juu ya nyumba yetu. Unisamehe. Nilijiona mwenye akili kwa kuwa nasoma lugha nne, na sikuweza kusoma uso wa mama yangu.

Sasa najua. Jumapili iliyopita Papa Anaclet alifika kabla ya wengine, na mfuko wa majani ya sombe kutoka soko la Gare du Midi. Walikuwa jikoni, na mimi nilikuwa kwenye korido ninapanga viatu.

"Alphonsine, miye siko kapitene," akasema. "Siwezi kushika échelle mupaka nizeeke."

"Anaclet, miye ningali bibi ya bantu."

"Bantu gani? Banza alikufa, Mungu amupumuzishe."

"Mama yake eko. Ule maman alinipokea kama yai. Hajanifungua, na siwezi kumuomba. Atasema nilisahau mutoto wake."

"Alors, nitamuandikia miye."

"Weye? Kama nani?"

Papa Anaclet akauweka mfuko wa sombe mezani.

"Donc, tufanye nini?" akauliza.

"Donc unywe chai. Halafu Jumapili usikuje tena."

Aliinywa chai yote, Nkambo, bila haraka, akasema ni tamu, akavaa koti lake. Leo kiti cha karibu na mlango kilikuwa kitupu, na hakuna aliyekikalia ingawa wengine walikaa chini.

Na leo ilikuwa sehemu ya mwisho. Alfajiri, Honora alishuka ngazi na viatu mkononi, Kapteni alimngoja na gari la farasi, wakaondoka. Hakuna aliyemwambia Maman Pell. Wengine wakapiga makofi, lakini Maman Pétronille alisimama katikati ya sebule. "Anakimbia? Kama mwizi? Bila kuaga? Na ule kapitene, tangu mwanzo nilisema, hana bandugu!"

Mama akasema kwa sauti ndogo, "Anaacha mumama muzee peke yake. Miye singeweza."

Tulidhani imekwisha. Kumbe haijaisha. Picha ikarudi kwenye ile nyumba, ikapanda ghorofani, na pale dirishani alikuwa amesimama Maman Pell. Amevaa kabisa, nywele zimesukwa. Alikuwa anajua. Pengine alikuwa anajua tangu zabibu, kama ulivyosema. Nikangoja aishike kengele. Hakuishika. Alisogeza pazia, akainua taa yake juu, juu kabisa, ili mwanga uanguke barabarani farasi waone njia. Akaishikilia hivyo mpaka sauti ya magurudumu ilipokwisha.

Chini hapakuandikwa kitu.

Baada ya watu kuondoka nilifungua ukurasa wa mwisho wa kitabu. Taa haimo. Dirisha halimo. Honora anaolewa, Kapteni anapewa meli mpya, na yule mama mzee hatajwi kabisa, kana kwamba nyumba ilimmeza. Watu wa televisheni ndio waliorudi kumtafuta baada ya miaka mia mbili. Kuna mtu aliyekisoma kitabu chote akafika mwisho akajiuliza: na yule mzee je, alikuwa wapi? Sikujua kwamba kuisoma hadithi kunaweza kuwa hivyo. Nilipomwona na taa yake nilikuona wewe, na niliona aibu kwa kila neno la barua yangu iliyotangulia.

Umeuliza kama kuna aliyemuuliza. Hakuna, Nkambo. Hakuna aliyemuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza. Mama hawezi, na Papa Anaclet ni mgeni. Lakini mimi ni Banza, na huku Ubelgiji hakuna Banza mwingine. Ukoo ukijiuliza wenyewe, hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyesahauliwa. Je, utamfungua Mama? Ukisema hapana, nitakupenda vilevile, na sitauliza mara ya pili.

Hadassa Banza


Lubumbashi, tarehe 4 Desemba 2024

Hadassa Banza,

Nimechelewa kujibu kwa sababu neno hili si la mtu mmoja. Niliwaita wadogo wa marehemu nkambo wako wa kiume, wakaja, wakala kuku wangu wawili, wakasikiliza. Kisha wakanung'unika: tangu lini mtoto wa kike, mwanafunzi, anasimamisha neno la ukoo? Nikawauliza ni nani kati yao mwenye tiketi ya ndege ya kwenda kulisimamisha yeye. Wakaomba maji ya kunawa.

Mimi nililia kwanza. Ujue hivyo, usije ukadhani ni jambo jepesi kwa kuwa nimekubali. Mama yako akitoka, duniani hakuna tena mtu anayeitwa mke wa mtoto wangu. Jina hilo linazimika, na mimi ndiye ninayelizima. Nililia siku nzima, nikaoga, nikavaa.

Na habari ya chokaa, mwambie mvua iliharibu ukuta. Basi. Sikuwa nikimngoja mtu.

Sasa shika vizuri. Hivi ndivyo tunavyofanya kwetu. Siku ya Jumapili mama yako atoke nje ya nyumba, na wewe ubaki ndani, ufunge mlango. Huko nje ametoka akiwa mke wetu. Atabisha. Muulize ni nani. Akitaja jina lake, usifungue. Akisema ni mke wa fulani, usifungue. Akisema ni mtoto wenu, fungua. Anaingia kwetu upya. Si mke tena. Ni binti yangu niliyemzaa siku hiyo. Awepo mwanamke mmoja mzima ndani, awe shahidi.

Huyo wa Bukavu, kama anamtaka, atamwomba kwetu kama binti anavyoombwa. Atume watu wazima, si mdomo wake mwenyewe. Mwambie ajiandae, maana tutamsumbua sana.

Simama wima siku hiyo. Wewe ndiye mimi.

Nkambo yako,
Nday


Laken, Jumapili tarehe 15 Desemba 2024

Nkambo wangu,

Imefanyika. Nakuandikia kabla sijasahau hata kitu kimoja.

Nilimsomea Mama barua yako jana alipotoka kazini, akiwa bado amevaa viatu vyeupe vya nyumba ya wazee. Aliomba nimsomee tena pale uliposema ulilia. Kisha akaichukua simu akaishika kifuani, akakaa hivyo, nami sikuthubutu kuidai.

Leo baada ya misa Maman Pétronille alikuja peke yake, amevaa kitenge cha sikukuu. Nilimwambia asipige vigelegele kabla ya wakati, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama akatoka. Nikafunga mlango. Nilisikia sauti ya kufuli, Nkambo, na ghafla niliogopa, kana kwamba nimemfungia mama yangu nje kwa kweli.

Akabisha.

"Ni nani?"

"Ni miye, Alphonsine."

Sikufungua. Kutofungua kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote. Akabisha tena, nikauliza tena, na safari hii hakujibu. Taa ya ngazi katika jengo letu hujizima yenyewe. Niliona mwanga wa chini ya mlango unatoweka, nikajua amesimama gizani. Maman Pétronille alikuwa analia ndani ya mikono yake.

Hapo taa ikawaka, na nikasikia jirani wa juu anapanda na mifuko yake. Alimuuliza Mama kwa Kifaransa kama amepoteza ufunguo, amsaidie. Mama akamshukuru. Akamjibu hapana, anabisha kwa wazazi wake.

Jirani akapanda zake. Mimi nilikuwa nimeshika kitasa kwa mikono yote miwili.

"Ni nani?" nikauliza, na sauti haikuwa yangu.

"Ni mutoto yenu," akasema Mama. "Mufungue."

Nikafungua. Aliingia ameinamisha kichwa, kama msichana, na Maman Pétronille akaachia vigelegele vyote alivyokuwa amevizuia. Nadhani vilisikika mpaka Gare du Nord. Mama hakwenda jikoni kama anavyofanya kila siku akifika. Alikaa sebuleni, akavua viatu, akanyoosha miguu, akanitazama.

"Niko na njaa," akasema.

Nikaelewa. Nikaenda nikasonga bukari mimi mwenyewe, nikapasha sombe. Bukari ilikuwa na madonge. Maman Pétronille aliniambia hivyo waziwazi, lakini Mama alikula yote, akaomba nyingine, na alipomaliza aliiacha mikono yake ipumzike mapajani. Sijawahi kuiona mikono yake ikiwa haina kazi.

Nilimuuliza kama nimpigie simu Papa Anaclet nimwambie atafute watu wazima.

"Bado," akasema Mama. "Atangoja. Kwanza nikae kidogo kwetu."

Mjukuu wako,
Hadassa Banza